Mita Zilisema Salama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wifi na watoto hawajambo, na kile kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Mimi mwili mzima, roho ndiyo sijui. Barua yako nimeipata, nikaona ulivyoringa kwamba daktari kakupima kila kitu na majibu yote safi. Nimeisoma mara tano. Ndiyo maana nakuandikia, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho.

Nilikuhadithia habari za Mama Sikio, fundi wetu hapa kwenye pampu za maji. Mimi kazi yangu kusoma mita kila saa na kuandika daftarini. Yeye mita hakuzitazama kabisa. Alikuwa na kipande cha nondo. Ncha moja aliigusisha kwenye mashine, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, macho kafumba. Nikimtania kwamba anapiga ramli, hujibu kwamba mita zinanipa habari tu, na habari mtu huiandika akaenda zake kunywa chai. Ukishajua jambo, hiyo chai haipiti kooni.

Mwezi uliopita, saa sita mchana, alitaka pampu ya tatu izimwe. Mita zote zilikuwa sawasawa. Bosi akafoka kwamba hazimi mashine kwa maneno ya nondo, labda na mimi nithibitishe. Nikasikiliza. Nikasema sisikii kitu, nikaandika "salama". Mama Sikio akarudi peke yake kuisikiliza tena, na ndipo ilipopasuka. Hatukumwahi.

Wakaguzi walipekua daftari langu, wakanisifu hata mwandiko. Nondo yake nikapewa mimi.

Kaka, nilisikia. Sijamwambia mtu. Chini ya ule mngurumo kulikuwa na kitu kinatafuna, taratibu, kama mtu anayekula wali wenye mchanga. Nilimwogopa bosi. Na tangu siku ile hata nondo siihitaji. Jumapili ile ulipokuja kunitembelea, uliponikumbatia mlangoni, sikio langu kifuani pako, nilikisikia humo humo, kikitafuna bila haraka. Nikacheka, nikakwambia umenenepa. Mungu anisamehe!

Usinitumie karatasi nyingine ya majibu safi. Rudi hospitali leo hii, wakupime kifua upya, wakikwambia mzima nenda kwingine. Ukitaka kunicheka, nicheke ukiwa njiani.

Wifi mpe salamu zangu nyingi, watoto wabusu mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba