Upepo Nilioulainisha

Palma, Cabo Delgado
9 Aprili 2013

Mpendwa Kaka Chamsudine,

Assalam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Lisboa, na kifua chako kimepata nafuu baada ya ile baridi uliyotueleza. Sisi huku tunapumua. Mama yako, mama mkubwa Awa, ameanza kula tena, uji kidogo asubuhi na samaki kidogo jioni. Mvua zimepungua na barabara inapitika.

Habari za Amido ulizipata kwa simu. Uliambiwa mdogo wako ameanguka kutoka kwenye mlingoti wa mtambo wa upepo, na kwamba ni ajali. Kuanguka ni kweli. Mengine hukuambiwa, kwa sababu aliyeyajua ni mimi peke yangu.

Nilipomaliza chuo cha ufundi Pemba, chama kimoja cha huko kilinipa kazi ya kubuni mtambo mdogo wa upepo kwa ajili ya wanawake wauza samaki wa hapa ghubani Tungue. Umeme wake ungegandisha barafu. Kila siku tunaona meli za watu wa gesi zikipita, na samaki wetu ikifika saa nane mchana wameshaanza kunuka.

Kabla ya kuujenga ilibidi niujaribu kwenye kompyuta, na kompyuta haijui upepo mpaka uipe. Nikamwomba Amido anisaidie. Alifunga kipima upepo chenye vikombe vitatu juu ya nguzo, na kwa miezi saba akaiba muda kwenye kazi yake ya kuchomelea vyuma ili aandike. Hakuandika namba moja akaondoka. Alisimama pale robo saa nzima, akifuata upepo unavyopanda na kushuka.

Aliponikabidhi daftari alisema, "Dada Sumaia, ukichukua wastani utadanganyika. Upepo huu unalala, halafu unaruka mara tatu yake kabla hujainua kalamu."

Alisema kweli. Nilipotengeneza upepo wa kwenye kompyuta kwa kufuata daftari lake, na mikupuo yake yote ya ghafla, mlingoti ulivunjika. Nikajaribu tena, ukavunjika. Ulitaka bomba nene zaidi, na bomba nene Palma halikupatikana; yote yalikuwa yakienda kwenye kambi ya gesi. Siku ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa, wageni wameshaalikwa, na chama kilikuwa kinangoja ripoti yangu.

Basi nikaulainisha upepo. Nikafuta mikupuo, nikaacha wastani tu, mita sita kwa sekunde kutwa nzima. Mlingoti ukasimama. Nikaichapa ripoti, nikatia sahihi.

Amido aliuliza kama bomba lile jembamba litatosha. Nikamjibu, "Kompyuta imekubali." Akaamini, akauchomelea mlingoti kwa mikono yake mwenyewe.

Jumatatu moja ya Februari, baada ya adhuhuri, wingu lilipanda kutoka baharini na mtambo ukaanza kuzunguka kupita kiasi. Breki ikakwama. Amido akapanda kuyafunga mapanga ya mtambo kwa kamba. Mimi nilikuwa chini, nikamwita ashuke. Akasema, "Bado kidogo." Mkupuo ukaja, na bomba likakatika pale pale nilipokuwa nimeonyeshwa na kompyuta.

Hospitali ya Mocímboa walimfunga mbavu, wakatuelekeza Mueda kwa upasuaji. Barabara ilikuwa tope tupu. Njiani aliomba maji, kisha akauliza kama mapanga yamepona, maana kuyachonga kulimchukua mwezi. Roho yake ilitoka tukiwa tunaingia Diaca. Gari halikuweza kurudi, na maiti haingojei. Watu wa pale, wakulima wasiotujua, walitupatia sanda na kumchimbia kaburi kando ya shamba la mihogo. Imamu wao, Ussene, ndiye aliyemswalia.

Baada ya arobaini nikapata habari kwamba chama kimeshaanza kuchimba misingi ya mitambo mingine miwili, kwa ripoti yangu ile ile. Nikaenda Pemba, nikawaambia nilichofanya. Wamesimamisha ujenzi. Mimi wameniachisha kazi, na ni haki yao. Wanawake wa ghubani wamerudi kwenye chumvi na jua.

Mama mkubwa nilimweleza wiki iliyopita. Alimaliza kupepeta mchele, kisha akauliza, "Chamsudine anajua?"

"Hajui, mama."

"Mwandikie. Usimpigie. Simu zinakatika, nawe utapata pa kujificha."

Tangu siku hiyo tunakula sahani moja, lakini hasemi nami.

Kaka, siombi unisamehe kwa barua. Ukija kuzuru kaburi, nitakupeleka Diaca mimi mwenyewe. Na kama hutaki kukaa gari moja nami, mjomba Mamudo anaijua njia. Niandikie tu ni yupi kati yetu, nami nitafuata usemalo.

Nisalimie shemeji Nélia na watoto. Bibi Hafsa anakusalimu, na anauliza kama huko una pa kuswali Ijumaa. Mungu akupe subira, na amlaze mdogo wako pema.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikataa,

Sumaia