Mistari Minne ya Kando ya Njia

Chawia,
Taita Taveta.
Jumatano, 12 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Wakesho,

Pokea salamu kutoka huku milimani, kwenye ukungu na tope. U hali gani? Lile bega lako limepoa? Na yule bibi unayemtunza, bado anakukatalia chakula? Sisi huku ni wazima kwa jumla. Mzee wangu Obadiah anasumbuliwa na goti, baridi ikizidi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Ng'ombe amezaa ndama jike, mweusi, ana doa jeupe usoni. Mvua ya vuli nayo imefika, ashukuriwe Mungu.

Najua utashangaa kupokea karatasi na simu ipo. Hillary, kijana wa jirani yetu, anarudi huko Doha Jumamosi na amekubali kukuletea mkononi. Kwenye simu ningelia, nawe ungelia, tungekata bila kusema la maana. Na ujumbe wa simu ni Shanice anayeniandikia siku zote, wewe wajua macho yangu na vile vitufe. Haya siwezi kumpa yeye aniandikie.

Ni habari za Shanice mwenyewe. Usishtuke, binti yako ni mzima. Mwenye aibu ni mimi dada yako.

Jumapili iliyopita ulipompigia, simu ilikuwa mezani na sauti imefunguliwa. Nilikuwa pale pale nachambua mchele. Nilisikia kila kitu. Ulimwambia anachezea masomo, eti wewe unainua wazee wa watu ugenini hadi bega linateguka, yeye yuko chuoni Voi anapiga picha na mbuzi. Ukamuuliza kwa nini wenzake wamepata nafasi kule Taveta yeye akakosa. Mtoto akanitazama. Mimi nikainamia ungo. Akasema, "Nimesikia, mama." Basi, ukakata simu. Mchele ule niliuchambua hadi nikawa natupa na punje nzima.

Wakesho, mtoto wako hakucheza hata siku moja. Tangu aingie hiyo kozi ya kilimo sijamwona ameketi bure. Wana chama chao cha wanafunzi, na ndani ya hicho chama wanafuga mbuzi wa maziwa na kupanda nyanya kwenye nyumba ya plastiki. Walipelekwa Sagalla kuona mizinga ya nyuki inavyozuia ndovu wasiingie mashambani. Walienda Rukanga wakakaa na akina mama wa huko wiki nzima kwenye mashamba ya pojo, zile ndengu. Shanice alirudi mweusi kwa jua, amefurahi, anazungumza mpaka Obadiah akazima redio amsikilize. Huyo ndiye uliyemwita mchezaji, na ulimwita hivyo kwa sababu yangu.

Sikiliza sasa. Mwaka wa pili kila mwanafunzi hufanya jaribio lake katika shamba la mkulima wa kawaida. La chuo halikubaliwi, maana lina mabomba na kila kitu. Shanice akaniomba kipande. Nikampa kile cha kando ya njia ya kanisani, na nilimpa hicho kwa kiburi, ili watu wapite waone mtoto wetu anafanya nini.

Akapanda mistari minane ya maharagwe, mbegu moja, siku moja. Mistari minne ya ndani akawa anaimwagia mbolea ya maji aliyoitengeneza mwenyewe kwenye pipa: majani ya alizeti pori, yale maua ya njano yanayojiotea barabarani, ameyaloweka na mavi ya mbuzi. Harufu yake, jameni! Obadiah alihamisha kiti chake upande wa pili wa nyumba. Mistari minne ya kando ya njia haikupewa chochote, mvua tu. Alinieleza kwa heshima zote: "Mama mkubwa, hii ni ya kulinganishia. Ikikonda, iache ikonde. Ukiisaidia sitajua kama mbolea yangu inafanya kazi." Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa, Wakesho. Siwezi kujificha nyuma ya ujinga.

Aprili mvua ikawa chache. Mistari ya ndani ikanawiri, majani mapana ya kijani. Ile ya kando ya njia ikawa ya manjano, mifupi, inatia huruma. Na wewe Chawia unaijua, hakuna anayeangalia mstari wa ndani. Jumapili moja Mama Josephat alisimama pale na kitabu chake cha nyimbo kwapani, akasema kwa sauti ya kufika jikoni kwangu, "Siku hizi Tryphena amechoka. Maharagwe yanamfia njiani." Wenzake wakacheka. Mimi, ambaye mama alinipa jembe kabla sijajua kusoma! Siku hiyo kanisani sikuimba hata wimbo mmoja.

Kesho yake Shanice alikuwa Voi. Nikabeba samadi iliyooza vizuri, nikaitia kwenye kila shina la ile mistari minne. Siku ya pili nikachota kwenye pipa lake lenyewe. Nikajiambia ni kuitia rangi kidogo tu ili watu wafunge midomo. Nilifanya hivyo hadi msimu ukaisha. Nilikuwa naamka mapema kabla ya watu kupita, najificha kwenye shamba langu mwenyewe kama mwizi wa kuku.

Ijumaa akirudi, binti yako alipima kila mstari, akahesabu maganda, akakunja uso. "Mama mkubwa, hii imepona yenyewe?" Nikamjibu, "Udongo wa hapa ni mzuri, mwanangu." Nilimdanganya huku namtilia chai.

Septemba ikawa siku ya maonyesho chuoni. Nilivaa ile nguo uliyonitumia. Palikuwa pamependeza kweli: huyu ana asali, yule ana uyoga, mwingine ameunganisha mipira ya kumwagilia kwa matone kwa kutumia chupa kuukuu. Kulikuwa na wageni wawili kutoka shamba kubwa la ndizi la kule Taveta. Hao ndio waliokuja kuchagua wanafunzi wawili wa mafunzo ya kazi, na mara nyingi wanaofanya vizuri huajiriwa hapo hapo. Najua ulikuwa umeshapanga moyoni kwamba Shanice akiingia Taveta, wewe hutaweka sahihi ya mkataba mwingine. Ulirudi nyumbani kabisa katika mawazo yako. Nilijua hilo nikiwa nimeketi kwenye kile kiti.

Zamu ya Shanice ikafika. Akasimama wima, akasema, "Niliamini mbolea hii itaongeza mavuno. Haikuongeza. Mistari yote imetoa karibu sawa." Mgeni mmoja akamuuliza kama labda alichanganya mistari, au kuna mtu aliigusa. Shanice akasema hapana. Akanionyesha kwa mkono. "Mkulima wangu ni yule mama pale, na ni mtu mwaminifu."

Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze na ile nguo mpya. Nafasi ya kusema ilikuwa hiyo. Ningesimama tu. Sikusimama.

Na bado hujasikia. Mwishoni wakaita wakulima waliowapa wanafunzi mashamba. Mimi nikatajwa wa kwanza kwa kutunza kipande vizuri kuliko wote. Zawadi yangu ikawa nini? Kopo la kumwagilia maji! La bati, jipya, lina mdomo mrefu. Akina mama wakapiga vigelegele, nikalipokea kwa mikono miwili, nikapigwa picha. Ndiyo ile picha niliyokutumia, ukajibu kwa mioyo mitatu myekundu. Kila nikiiona hiyo mioyo najichukia.

Tulipofika nyumbani Shanice hakubadilisha hata nguo. Alienda moja kwa moja kwenye pipa, akalipindua lote kwenye shina la mgomba. Akasema alikuwa mjinga kuamini magugu ya barabarani. Wakesho, ile mbolea inafanya kazi. Ni mimi niliyeona kwa macho yangu mistari ile ikifufuka nilipoinyeshea. Alikuwa sahihi tangu mwanzo, na alikuwa anasuuza pipa lake akijiita mjinga. Hapo ndipo nilipomwambia.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hata wiki ile nilipokuwa na malaria hosteli?" Nikasema hata wiki ile. Akachukua mkoba akashuka Voi bila kunywa chai, na mwezi ukaisha bila yeye kuja.

Mimi nikamfuata. Nikaenda kwa mwalimu wao, Mwalimu Okoth, nikamkuta kwenye banda la mbuzi na wanafunzi wamemzunguka. Nikasema yote mbele yao, na lile kopo nimelibeba nirudishe. Yule mwanamume kicheko kikamshinda, na wanafunzi nao wakaangua. Afadhali wangenitukana. Kopo alikataa, akaniambia nimwagilie sukuma wiki. Lakini nafasi za Taveta zilikuwa zimeenda kwa wenzake, Koki na Geoffrey, na hawakuiba kwa mtu, walistahili. Akasema wageni watarudi Februari kutafuta wengine. Shanice akirudia jaribio vuli hii, na likawa safi, yeye atamsimamisha mbele yao tena. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Mwisho wa Oktoba Shanice akarudi na kamba, vigingi na mbegu. Nikamwomba apande nyuma ya jiko. Akakataa: udongo uwe ule ule, mahali pale pale. Nikamwambia basi atafute mkulima mwingine, mimi sifai. Akanishikisha ncha ya kamba. "Ni wewe, Mama mkubwa. Mimi niko Voi. Utaichunga wewe." Nilienda kulia kwa ng'ombe.

Jumapili ile baada ya wewe kukata simu nilimuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema, "Hilo si langu kusema." Ndiyo maana naandika.

Kwa hiyo mpigie mtoto. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, wangu nimeomba na bado naomba. Mwombe wa kwako, kwa yale maneno ya mbuzi. Na mimi nisamehe kama utaweza. Ukiona huwezi kwa sasa, nitangoja. Mwaka huu unaoongezeka ugenini nimekuongezea mimi, si Shanice.

Obadiah anakusalimu sana, anauliza kama huko kuna dawa ya goti. Tryphoza wa shangazi amejifungua mtoto wa kiume, salama. Akina mama wa kanisa wanakutaja kwenye maombi kila Jumatano, hata Mama Josephat, sitamnyima haki yake. Mungu akufunike huko uliko, aliponye hilo bega, akuvushe salama hadi mlangoni kwangu.

Jambo la mwisho. Maharagwe yana majani matatu sasa, na ile minne ya kando ya njia imeshaanza kubaki nyuma. Jana Mama Josephat alisimama tena. "Tryphena, kumbe umerudia?" Nikamjibu kutoka mlangoni, "Nimerudia, na yatazidi kukonda, pita uangalie kila siku." Nilipoingia ndani nilitamani niimwagie, lakini kopo nimempa Obadiah alifungie stoo na ufunguo anao yeye.

Ukija likizo ya Krismasi utapita njia hiyo hiyo na sanduku lako. Utaona mistari minne ya manjano, imedhoofika, mbele ya nyumba ya dada yako, na watu wote wanaiona. Utataka kuinama, maana sisi wawili tumelelewa na mama mmoja. Tafadhali, mdogo wangu, usiipe hata tone.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ingawa leo siwezi kukutazama usoni,

Tryphena