Nilimtoa Aliyepigwa

Kasulu, mwishoni mwa Agosti 1993. Ni miaka ishirini na moja tangu tuvuke mpaka, na mwaka mmoja na miezi mitatu tangu tukulaze hapa.

Mama Stefano,

Kuku wako ni wapumbavu. Ulipokuwa hai sikuthubutu kulisema kwa sauti, basi nalisema sasa ambapo huwezi kunijibu. Nimewalisha mwaka mzima na sijaona hata mmoja mwenye wazo zaidi ya moja kichwani, na wazo lenyewe ni hili: nimdonoe nani, na nani asinidonoe.

Siandiki kuwasema kuku tu. Kaka yako Melkiori anaandikisha watu wa kurudi nyumbani, na lori linaondoka Jumamosi. Amenitengea nafasi mbele, karibu na dereva, kwa heshima ya umri. Anataka jibu kesho. Nawe nilikuahidi, siku zile za mwisho ukiwa umelala mkekani, kwamba njia ikifunguka nitarudi hata peke yangu, nikapande mgomba kwenye ua wa baba yako. Sijasahau. Nitalifikia, ila lazima nipitie bandani kwako kwanza, maana huko ndiko nilikopata akili, kama hiyo ni akili.

Mwezi wa tano tuliganduka, tukaufunga msiba wako wa mwaka. Tulinyoa, tukavua nguo za msiba, tukanywa pombe ya ndizi, na Stefano akazungumza vizuri kuliko nilivyotegemea. Watu hawakuja mikono mitupu. Wakwe zake walileta kuku watatu kutoka Buhigwe, binamu zako wa Gwarama wakaleta wawili, wamefungwa miguu kwa kamba za mgomba. Wageni walipoondoka nilikata kamba, nikawamwaga wote watano uani katikati ya kuku wako sita, nikarudi kusoma. Nilidhani kuku ni kuku.

Ungenicheka mpaka ushike kiuno. Bihogo, yule mwekundu uliyempa jina la ng'ombe wetu kwa kuwa ng'ombe mwenyewe alibaki ng'ambo na hukutaka jina lipotee, alikuwa mkubwa wa ua kwa miaka mitatu. Alipowaona wageni alisimamisha manyoya ya shingo. Vita vilidumu siku nne. Jogoo, ambaye ungedhani ni kazi yake kuamua, alipanda juu ya kinu akawika, kama mwenyekiti yeyote wa kijiji.

Vita sikuvijali. Kilichonichukiza ni kwamba kuku akipigwa hamrudishii aliyempiga. Anageuka, anatafuta aliye chini yake. Bihogo alimpiga wa Gwarama, wa Gwarama akampiga wa Buhigwe, wa Buhigwe akamtafuta mwingine, na mwisho wa yote hasira za ua mzima zikamwishia Gitare. Unamjua Gitare. Yule mweupe uliyemlea ndani ya kitenge chako baada ya mwewe kumchukua mama yake. Kosa lake lilikuwa upole. Damu ilipoonekana kisogoni mwake, hata wale aliolala nao mti mmoja tangu wakiwa vifaranga walikuja kudonoa palepale penye kidonda. Sijawahi kuona kitu kinachonuka ubinadamu kiasi kile.

Nikafanya kile anachofanya kila mwenye huruma asiyejua kazi. Nilimtoa aliyepigwa.

Nilimweka chumbani, upande wako. Nilimpaka mawese kwenye kidonda, nikamvunjia mahindi kwenye kikombe chako cha bati, ambacho sikuwa nimekigusa tangu ufe. Mama Neema wa ng'ambo ya ua, ambaye hajabadilika, alikuja kuomba moto akachungulia. "Mwakeye, mutama," akasema, akiniamkia kwa Kiha kama mzee wake. "Naona umepokea mkimbizi. Kadi ya posho atapewa lini?" Nikamwambia achukue moto wake aende. Alicheka mpaka kwake, na jioni nzima nikasikia akiwasimulia wanawe.

Gitare alikaa kwangu wiki nne. Manyoya yaliota, akanenepa, akazoea kusimama juu ya kitabu nilichokuwa nasoma, na niseme ukweli, nilifurahi kuwa na mtu. Nilijivuna pia. Nilijiona mwokozi. Asubuhi moja nikambeba nikamrudisha uani kwake.

Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu cha maji bila kujihadhari, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Wote kumi walimvamia. Na aliyetangulia alikuwa kuku wa Buhigwe, yule aliyekuja amefungwa miguu, akimfukuza kwa hasira ya mwenye nyumba. Wa zamani hawakumkumbuka. Sijui kama kuku hukumbuka. Ninachojua ni kwamba walikuwa wamekwisha kugawana nafasi yake: mahali pake kwenye mti wa kulalia, zamu yake ya maji, hata kivuli chake chini ya mihogo. Hakuna aliyekuwa tayari kusogea hata unyayo mmoja. Alikimbilia nyuma ya jiko, akatia kichwa kwenye pembe ya ukuta, akawaachia mgongo.

Hapo ndipo nilipokusikia. "Anayepiga ndiye anayetolewa," ulikuwa ukisema, ukimfunika Bihogo kwa tenga katikati ya ua. "Mwache awaone wenzake wakila. Akitoka hapo atakuwa mtu." Ulilisema mara ngapi, Domitila? Nami nimekaa hatua tatu kutoka pale, nimeshika kitabu, najiona ndiye msomi wa nyumba. Nilisikia sauti tu. Sikusikia neno.

Nikamfunika Bihogo siku tano, palepale walipomwona na yeye akawaona. Alipotoka alikuta wenzake wamekwisha kupangana upya, akapigwa na yule wa Gwarama ambaye zamani alimkimbia. Sasa ua umetulia. Ni utulivu wa kuku, usitarajie makubwa.

Lakini kwa Gitare nilikuwa nimechelewa. Alikuwa amepita kwenye tundu la ua, ameingia kwa Mama Neema. Huko nako ni wa mwisho. Anakula wote wakishashiba. Ila hawamtoi damu, na ameanza kutaga kwenye kikapu chake cha maharage. Mama Neema huniletea yai moja, hubaki na jingine. "Huyu nimekwisha kumwandikisha kwangu, mutama," husema. "Usije na barua za kumdai." Sijamdai.

Melkiori alikuja Jumapili baada ya ibada, amevaa koti katika joto lile, na daftari kwapani. Nilimfuata kwake nikawaone hao wanaorudi. Mama Stefano, ningependa kukuambia nilikuta watu wenye huzuni, au wenye furaha. Nilikuta wanaume kumi na wawili wakigombania nani akae wapi kwenye lori. Mmoja anasema alikimbia mwezi wa kwanza wa machafuko, kwa hiyo atangulie. Mwingine anasema baba yake alikuwa mkubwa wa kilima, kwa hiyo uongozi ni wake wakifika. Hawajavuka hata mto, wanagombania ukubwa wa kilima ambacho hawajui leo kinalimwa na nani. Na wale wawili maskini wasio na ukoo, unawajua, watoto wa yule fundi viatu, walikuwa wamekwisha kusukumwa mpaka mlangoni. Kila aliyeshindwa kubishana na Melkiori aligeuka akawafokea wao.

Nikamuuliza Melkiori, nani yuko kwenye shamba letu? "Ni watu tu, shemeji," akasema. "Watasogea."

Watasogea. Alilisema akiwa anaandika, hakuinua hata kichwa.

Sitaki kujidanganya kwamba wanaokaa pale ni wabaya. Waliotupiga, wengine wamekufa, wengine wamezeeka kama mimi, wala hakuna aliyewahi kuwafunika kwa tenga. Sisi ndio tuliotolewa. Tulipewa blanketi, tukapewa posho, tukaambiwa tutulie tupone, na ua wakaachiwa wao. Sasa huenda kuna kijana wa miaka ishirini aliyezaliwa kwenye chumba kile tulichoingia siku ya harusi yetu, ambaye hajui kosa lolote ila kwamba pale ni kwao. Aone mzee anaingia na fimbo, anakwenda moja kwa moja kwenye mtungi wa maji. Ningekuwa yeye, ningemdonoa.

Nilimweleza Melkiori mambo haya kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wenzake. "Sikieni. Shemeji ameshauriwa na kuku wa dada yangu." Walicheka, hata wale wawili wa mlangoni, ambao walishukuru kupata mtu wa kuchekwa badala yao. Akaongeza polepole, kwa ajili yangu tu, "Umekuwa Muha, mwenyeji wa hapa Kasulu, shemeji. Na yeye ulimwahidi."

La kwanza nusu yake ni kweli, na sioni aibu. La pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ulikuwa umeshika kidole changu kimoja tu, hiki cha shahada, kwa sababu mkono mzima ulikushinda. Ningekuahidi chochote. Ningekuahidi mwezi.

Nakuomba unisamehe. Ua wa baba yako nimemweleza Melkiori ulipo, penye jiwe kubwa na kijito, ingawa anapajua kuliko mimi, na mgomba ataupanda yeye, kama watamwachia mahali pa kuchimba. Ninachoweza kukuahidi upya ni kidogo. Nitapalilia hapa ulipo kabla ya mvua kuanza. Kuku wako nitawatunza kwa njia yako, na apigaye ndiye nitakayemfunika, hata akiwa Bihogo. Stefano akitaka kwenda kuangalia, sitamzuia, ila nitamwambia aende kama mgeni, abishe hodi.

Lala salama, mke wangu. Kesho namwambia Melkiori nafasi ya mbele awape watoto wa fundi viatu, nami najua hatawapa. Lori litaondoka Jumamosi bila mimi. Nyumbani sitarudi.