Bafu la Rangi ya Chungwa

Jumatatu, 1 Septemba 1997
Mama kaanguka tena bafuni. Kachanika kwenye paji la uso, kashonwa nyuzi tatu. Anasingizia sabuni — sakafu ilikuwa kavu! Daktari kasema trakoma imeshamla macho. Anaona mwanga na rangi kali, basi. Na bafu letu lote jeupe: kuta, sakafu, sinki. Kwake ni ukungu mtupu. Miezi yote hii alikuwa anapapasa, asiniambie.

Jumanne, 2 Septemba
Kaka Yotham kapiga simu ofisini kutoka Mpwapwa. Jumapili anakuja kumchukua. Eti kwake yupo msichana wa kumwogesha.
Nikamfikishia Mama. Akaniuliza: "Niogeshwe kama maiti?"

Jumatano, 3 Septemba
Nimechora bafu nyuma ya karatasi za ofisi. Sakafu nyekundu. Kuta rangi ya chungwa. Sinki libaki jeupe, lijitokeze. Bomba la kushikia, njano, toka mlangoni hadi kwenye maji.
Siku hizi madukani vigae vya Dubai vimejaa. Nikaazima vipande vitatu, nikavipanga uani juani.
"Hiki udongo wa kwetu Mvumi mvua ikinyesha," Mama akasema. "Hiki embe."
Cha rangi ya maziwa akakikanyaga, hakukiona.

Ijumaa, 5 Septemba
Fundi Shaaban kacheka: "Dada Evarista, bafu hili au baa?" Nikamweleza. Cheko likamkauka. Karudisha vigae vinavyong'aa, kaja na vya kukwaruza, visiteleze. Lakini saruji itawahi kukauka? Siku mbili tu!

Jumapili, 7 Septemba
Yotham kafika saa nne. Hata chai hajagusa. Kasimama mlangoni mwa bafu, kakunja uso.
"Umepaka rangi, Eva. Yeye bado kipofu."
Mama kasikia. Kainuka, kausukuma mkono wangu. Kashika bomba — hakupapasa! Kafunga mlango. Komeo.
Maji yanamwagika. Yotham anagonga: Mama, tunachelewa! Ananigeukia: akianguka, lawama yako.
Naandika nimekaa juu ya ndoo, korido hii hii.
Kishindo! Maji yamekatika. Yotham kakamata kitasa, bega tayari kwenye mlango.
"Kopo hilo!" Sauti ya Mama. "Tulieni. Naliona lilipo."
Maji yameanza tena. Yotham hajaachia kitasa.