Picha Nzito ya Kokoa

Jumatatu, 2 Juni 2003
Mnunuzi wa Ulaya amejibu! Lakini sasa — ukurasa wetu anauona, picha haifunguki, kasubiri hadi kachoka. Na Ijumaa anaamua kokoa anunue kwa nani. Picha yenyewe kilobaiti mia tisa! Kwa laini hii ya simu hata mimi ningekimbia. Kikundi kizima cha wakulima wa Ndandalo kinanitegemea mimi, Ezekiel, mtaalamu wao wa kompyuta. Mtaalamu! Kozi fupi tu ya Mbeya.

Jumanne, 3 Juni
Raha! Nimepunguza upana, nikabana ubora kidogo kidogo, macho yote kwenye namba. Mia nne. Mia moja tisini. Samsoni, mwenye kafe hii ya intaneti, ananitania nisije nikaimaliza picha yote. Ila majani, jamani! Kumbe majani ndiyo mazito. Na katikati ya picha ni majani matupu — Baba kule kushoto na mkeka wa kokoa, mke wangu Atuganile kule mwisho kulia na kikapu, kitambaa chekundu kichwani, kageuza uso. Hakutaka kabisa kupigwa picha moja na baba mkwe wake. Nilimbembeleza mpaka nikaishiwa maneno.

Jumatano, 4 Juni
Nimeyakata majani ya katikati, nikaunganisha pande mbili. Kiungo hakionekani! Kilobaiti thelathini na nane!! Ipo mtandaoni tayari. Inafunguka hata hujamaliza kupiga chafya. Mimi ni kiboko.

Ijumaa, 6 Juni
TUMEPATA! Anachukua kokoa yetu yote! Nimeruka, nimegonga kichwa kwenye rafu ya Samsoni. Nimempelekea Baba habari, yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi. Atuganile kapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Jioni nimeisoma ile barua pepe mpaka mwisho. Picha imempendeza, kaiweka kwenye tovuti yake, juu kabisa: Mkulima wa Kyela na mke wake.

Mke wake?

Nimeifungua. Mungu wangu! Bega kwa bega, Baba na mkamwana wake! Na mkataji ni mimi. Nimemwandikia mnunuzi aitoe haraka. Nafungua barua pepe kila dakika.

Jumamosi, 7 Juni
Samsoni anacheka, ati si picha tu? Yeye si wa huku. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawakaribiani kabisa: Atuganile akisikia tu kikohozi cha Baba, anaacha njia anaingia migombani.

Baba amekuja! Koti la kanisani, wazee wawili nyuma yake. Ndaga fijo, asante sana mwanangu, kanishika kwa mikono miwili. Anataka kujiona huko Ulaya. Nimesema laini mbovu leo. Samsoni kadakia, mbona nzima — akafungua!

Naandika hapa kaunta. Mnunuzi kaikuza picha bila kuibana, inashuka mstari kwa mstari. Anga. Migomba. Kofia ya Baba — wazee wanapiga makofi! Baba kavuta kiti. Sasa kinatokea kitambaa chekundu kando ya kofia. Baba anacheka, ananiuliza huyu mwanamke wamemtoa wapi.