Sheikh Akiulizwa Juu ya Salim

Jumanne

Sijapata kumwambia mtu: mwaka ule tuliosema kaka yangu Salim yuko Unguja akimuuguza bibi, hakuwako huko. Alikuwa jela huku huku, kwa ugomvi uliotokea mjini Matrah.

Leo kiwanda kimoja cha Rusayl kimemkatalia kazi, kwa kuwa hukumu yake bado inaonekana katika kumbukumbu za polisi. Nimesoma sheria mpaka macho yananiuma. Mahakama inaweza kuifuta, lakini kwanza watauliza mwenendo wake mtaani, na wa kuulizwa ni sheikh wetu. Na sheikh ndiye mtu wa kwanza ambaye mama alimdanganya kuwa Salim anakwenda Unguja, hata sheikh akamwombea Salim dua ya safari.

“Mama, tukamwambie kweli,” nilisema.

“Thubutu! Dada zako nani atawaoa?”

Salim akacheka. “Mwache mama. Mimi bado nnamuuguza bibi.”

Mimi sikucheka. Sheikh akiambiwa, tumeaibika. Asipoambiwa, Salim atabaki hivi hivi, na mimi sioni njia nyingine.

Baada ya Magharibi nilimngojea sheikh mlangoni mwa msikiti. Akaniuliza, “Una shida, mwanangu?” Nikasema sina. Nikambusu mkono, nikarudi nyumbani.