Samaki wa Chini ya Gati la Mama Mkwe

Mama Wartini,

Nisaidie kabla ya Jumapili, maana mke wangu amesema hiyo ndiyo mara ya mwisho kupokea simu yangu. Mimi ni Rusdin, mtu wa visiwa vya Banggai kule Indonesia, mwaka wa tatu huu nahudumia mashine ya skrubu hapa Kaohsiung, Taiwan, na ninakusikiliza redioni kila jioni nikiosha grisi mikononi.

Kosa langu ni samaki. Nilipita dukani nikaona ndani ya kioo capungan, yule mwenye mistari myeusi na mapezi marefu anayezagaa chini ya gati la mama mkwe wangu, kwetu hata paka hamtaki, nikasimama pale nikalia kama mjinga, nikanunua kitangi cha kioo kisichozidi ndoo mbili, chumvi ya kukorogea maji, pampu, mchanga, mawe na tumbawe moja lenye vidole laini, nikakaa wiki sita natazama maji matupu ili yakomae kwanza, kama muuzaji alivyoniagiza, huku mwenzangu wa chumbani, Tukiran, akiniuliza kila siku, "Kaka, leo jiwe limekula?" ndipo nikaleta capungan wawili.

Sasa mmoja amegoma kula, siku ya kumi leo, taya limevimba kama mtu mwenye jino bovu, nimempa vikamba, nimevichovya kwenye maji ya kitunguu saumu, anageuza uso. Tumbawe nalo limejikunja, ingawa kila asubuhi maji yakipungua najaza maji ya chumvi bila kukosa, maana mimi mtoto wa bahari sifundishwi.

Jumapili iliyopita nikiwa kwenye simu ya video na mke wangu Hasnia nilijisahau, nikageukia kitangi nikasema, "Fungua mdomo mpenzi, kidogo tu, wiki nzima hujala."

"Nani huyo hajala?"

"Tukiran. Anaumwa."

Hapohapo Tukiran akapita nyuma yangu bila shati, mashavu yamejaa tempe ya soya, anauliza nani kamaliza pilipili.

"Baba Indri," Hasnia akasema, "huyo mwanamke uliyemficha mwambie ajitokeze nimwone. Au niambie tangu lini Tukiran amekuwa mpenzi wako."

Ukweli siwezi kuusema. Kaka yake, Amir, anavua capungan haohao na kuwauza wakafugwe kwenye vioo, na kabla sijasafiri nilimcheka mbele ya wakwe wote, nikamwambia mwanamume mzima unavua mapambo. Bora nidhaniwe nina mwanamke. Lakini binti yetu Indri sijapata kumbeba, namjua kwa simu tu, na simu ikikatwa sina kitu. Nikimrudisha samaki dukani nikasema Tukiran kapona, yataisha?

Rusdin, Kaohsiung

*

Rusdin,

Hayataisha. Pole kwa upweke, mwanangu, ila pole yangu inaishia hapo. Hasnia amekulelea mtoto peke yake muda wote huu, nawe unataka alie ili wewe usichekwe?

Samaki wako haumwi. Ni dume, na mdomoni amebeba mayai. Jike la capungan likishataga, baba huyafumbata kinywani, hali chochote karibu mwezi mzima, mpaka watoto waweze kuogelea wenyewe. Mimi nimelijua hili kwa kumsumbua mfugaji mmoja kwa simu. Amir angekujibu kabla hujamaliza swali.

Kwa hiyo usimpeleke popote, akishtuka atayatema. Kitunguu saumu rudisha jikoni. Mlishe jike, na ufunge sifongo kwenye mdomo wa pampu vitoto visije vikanyonywa.

Na hilo la chumvi limeniudhi, mtoto wa bahari. Sufuria ya maji ya bahari ikikaukia motoni hubaki nini? Maji huondoka, chumvi hubaki, nawe kila asubuhi unaongeza nyingine. Tumbawe lako linaungua kwa chumvi! Nunua kipima chumvi, jaza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kidogokidogo kwa siku kadhaa. Usimwage ndoo kwa pupa.

Jumapili mpigie Hasnia, mwambie amwite Amir, umwombe msamaha yeye kwanza. Halafu geuza simu kwenye kioo, Indri amwone. Watakucheka, na mama mkwe atacheka kuliko wote. Vumilia.

Huyo samaki amefumba mdomo kwa ajili ya watoto wake. Wewe wako ufumbue.

Mama Wartini